Kabla ya kuchomelea fremu: namna ya kukokotoa na kupima frikwensi asilia ya mashine

Mashine ya kusaga mahindi inapotikisika, matibabu yake hufuata mpangilio uleule, iwe Kisenyi jijini Kampala au Busia mpakani: bolti zinakazwa, beringi zinabadilishwa, kisha fundi anachomelea kipande cha chuma popote palipo na nafasi. Wakati mwingine inatulia. Mara nyingi inatulia wiki mbili, halafu ufa unajitokeza kando ya mchomeleo mpya. Hakuna aliyeuliza swali la kwanza: fremu hii na shafti hii zikigongwa hutetema mara ngapi kwa sekunde, na mashine yenyewe inazigonga mara ngapi?

Ringi ya lori iliyotundikwa shuleni kama kengele, uipige kwa nguvu au kwa upole, sauti inakuwa kubwa au ndogo tu; wembamba au unene wake haubadiliki. Kila chuma kina mdundo wake wa namna hiyo, na ndio tunaouita frikwensi asilia. Huamuliwa na mambo mawili: ukakamavu, yaani jinsi chuma kinavyokataa kupinda, na uzito unaotikiswa nacho. Mashine ikigonga kwa mdundo huohuo, kila pigo linaongezea lililotangulia, na hiyo ni resonansi. Fremu ya kuchomelea hufifisha mtetemo kidogo sana, kwa hiyo msukumo mdogo unaweza kukuzwa hata mara 50. Fremu ya bolti hufifisha zaidi kidogo kwa sababu viungo vyake vinasuguana, lakini mara 20 bado inatosha kuvunja kitu.

Tuchukue mashine moja tuikokotoe mpaka mwisho: mota ya kW 7.5 yenye pole nne (ncha nne za sumaku), rota ya nyundo (sehemu inayozunguka iliyobeba nyundo za kusagia) yenye kilo 25, shafti ya mm 40, beringi mbili zenye viti vyake, aina ya UCP208, zilizoachana mm 500, rota ikizunguka mara 3000 kwa dakika.

Orodhesha mapigo kwanza

Gawanya mizunguko ya dakika kwa 60, upate Hz, yaani mara kwa sekunde. Umeme wa Uganda ni wa 50 Hz, kwa hiyo mota ya pole nne yenye mzigo huzunguka karibu mara 1450 kwa dakika: 24.2 Hz. Rota yetu: 50 Hz. Nyundo zikiwa safu nne, mahindi yanapigwa mara 200 kwa sekunde. Sumaku ya mota huvuma kwa 100 Hz, mara mbili ya umeme wenyewe.

Mkanda husahaulika. Unazunguka polepole kuliko puli zote mbili, na ukiwa na kiungo kibaya au sehemu iliyovimba, hugonga kila unapomaliza mzunguko. Zidisha 3.14 kwa kipenyo cha puli na kwa mizunguko ya puli hiyo kwa sekunde, kisha gawanya kwa urefu wa mkanda. Puli ya rota ya mm 110 na mkanda wa mm 1800 zinatoa 9.6 Hz.

Kama badala ya mota una injini ya dizeli ya silinda moja, ongeza nusu ya mzunguko: injini ya mipigo minne huwaka mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 2000 kwa dakika inakupa 33.3 Hz na 16.7 Hz, na hiyo ya chini ndiyo mkorofi.

Shafti: kanuni ya kuinama

Huhitaji hesabu ndefu. Ukijua chuma kinainama milimita ngapi kwa uzito kilichobeba, basi:

frikwensi (Hz) = 15.76 ÷ kipeuo cha pili cha mwinamo (mm)

Kikiinama mm 1, ni karibu 16 Hz. Kikiinama mm 0.1, karibu 50 Hz. Inafaa kuikariri hiyo ya pili, maana ndiyo mizunguko 3000 kwa dakika.

Mwinamo wa shafti yenye uzito katikati na beringi kila upande unaanzia kwenye ukakamavu:

k = 48 × E × I ÷ L³

E ni ugumu wa chuma chenyewe; ya chuma cha kawaida ni 206,000 N/mm². I inaonyesha jinsi umbo na unene vinavyokataa kupinda; ya shafti ya duara yenye kipenyo d ni 3.14 × d⁴ ÷ 64; kwa mm 40 ni 125,700 mm⁴. L, nafasi kati ya beringi, ni mm 500. Inatoka k = 9940 N/mm. Uzito wa kilo 25 ni N 245, hivyo mwinamo ni 245 ÷ 9940 = mm 0.0247, na frikwensi ni karibu 100 Hz, sawa na mizunguko 6000 kwa dakika. Ukiongeza nusu ya uzito wa shafti yenyewe, kama kilo 2.4, inashuka hadi 96. Bado iko mbali na 50.

Sasa angalia kinachotokea ukibana matumizi. Shafti ya mm 30 inashuka hadi 56 Hz, kwa sababu frikwensi hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe (d²). Ukirefusha nafasi ya beringi kutoka mm 500 hadi 600 ili ngoma ya kusagia iwe pana, 100 inakuwa 76. Vyote viwili kwa pamoja vinakupeleka chini ya 50, maana yake kila unapowasha na kuzima rota inapita katikati ya resonansi.

Kosa la kawaida hapa ni la vipimo: mtu anachanganya mita na milimita, au anaweka kilo mahali pa Newton. Ukipata shafti inayoinama sentimita mbili, au yenye frikwensi ya 4000 Hz, rudi mwanzo.

Kiti cha beringi ndicho kinachokudanganya

Hesabu ya hapo juu inadhani beringi zimekaa juu ya mwamba. Hazijakaa juu ya mwamba. Zimekaa kwenye chuma cha pembe cha umbo la L, mm 50×50×5, kilichochomelewa ncha zake mm 800 mbali, na beringi iko katikati kabisa pa kupinda.

I ya chuma hicho ni karibu 110,000 mm⁴. Kwa kanuni ileile, kila kimoja kina ukakamavu wa 2124 N/mm, na viwili kwa pamoja 4249. Shafti na fremu vinapinda mfululizo, kama springi mbili zilizofungwa moja chini ya nyingine, kwa hiyo ukakamavu wa jumla ni:

(9940 × 4249) ÷ (9940 + 4249) = 2977 N/mm

Mwinamo unakuwa mm 0.082, na frikwensi 55 Hz. Shafti iliyokuwa salama kwa 100 imeletwa na fremu yake hadi hatua tano tu kutoka kwenye mwendo wa mashine. Kuinenepesha shafti kunasaidia kidogo sana. Hata ukiweka ya mm 60, fremu ndiyo inayopinda.

Na hilo ni kama chuma ni cha mm 5 kweli. Usiamini jina la dukani, pima kwa vernia sehemu tatu. Kikiwa mm 4, I inashuka hadi karibu 90,000, na frikwensi inakuwa 51 Hz. Hapo mashine mbili zilizotoka karakana moja, kwa mchoro mmoja, moja itatulia kiasi na nyingine itatembea sakafuni, na fundi atalaumiwa kwa kosa la milimita moja asiyoipima.

Dawa si kubadilisha chuma chote. Simamisha nguzo ya chuma cha L chini ya kila beringi, moja kwa moja hadi kwenye bamba la sakafuni. Chuma kinachosukumwa kwa urefu wake ni kigumu mara nyingi kuliko kinachopindwa: nguzo ya mm 600 ina ukakamavu wa zaidi ya 160,000 N/mm. Frikwensi ya kwenda juu na chini inarudi karibu 99. Nguzo mbili, mita moja na ushee ya chuma. Ukitaka kubadilisha chuma, cha U cha mm 100×50 kinafikia 94, lakini bei yake si moja.

Mtikisiko wa ubavuni

Nguzo hizo hazizuii fremu kuyumba kulia na kushoto, na mashine nyingi hutikisika huko. Chukua miguu minne ya chuma kilekile, kimo mm 600, ikibeba jumla ya kilo 120 (rota, ngoma, faneli na fremu yenyewe). Mguu ulioshikwa imara juu na chini una ukakamavu wa ubavuni wa 12EI ÷ L³ = 1259 N/mm. Minne: 5036. Uzito huo ni N 1177; kama ungevuta kuelekea ubavuni, mwinamo ungekuwa 1177 ÷ 5036 = mm 0.234, na frikwensi 32.6 Hz.

Lakini je, umeshikwa imara chini? Bolti za sakafuni zikilegea, au zege likimomonyoka chini ya bamba, mguu unazunguka kwenye nyayo zake na ukakamavu unashuka hadi robo: 16.3 Hz. Fremu ya kweli iko mahali fulani kati ya 16 na 33, na mota inagonga kwa 24.2. Ndiyo maana mashine iliyotulia mwaka mzima huanza kutikisika bila kitu kuvunjika. Bolti inalegea kidogo kidogo, frikwensi inashuka siku hadi siku, mpaka inakutana na mota njiani. Kukaza bolti kunatibu kwa kuirudisha juu, na wiki mbili baadaye inateremka tena.

Weka vizuizi vya mshazari: chuma cha L cha mm 40×40×4, kimoja kila upande, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya pili. Kwenye karatasi frikwensi inapanda kupita 120 Hz. Ukipima ukakuta 70, usishangae, bamba za kona na bolti nazo zinapinda. Cha muhimu ni kuwa mbali na 24 na 50. Mstari wa mshazari wenyewe ukutane na kona. Ukichomelea mm 100 pembeni kwa sababu puli inazuia, umejenga springi mpya.

Ni umbali gani unatosha?

Lenga angalau asilimia 20 kutoka kwenye kila pigo kubwa, 30 ikiwezekana. Gawanya frikwensi ya pigo kwa frikwensi asilia, uite jibu r. Mtikisiko unakuzwa kwa 1 ÷ (1 − r²). Kwa r ya 0.5 unakuzwa mara 1.3. Kwa 0.7 ni mara 2. Kwa 0.9 ni zaidi ya mara 5, na kutoka hapo unapanda kama moto wa nyasi kavu.

Tuseme nyundo moja ni nyepesi kwa gramu 20 kuliko ya upande wa pili, kwenye nusu kipenyo cha mm 180. Gramu 20 ni kama kijiko kikubwa kimoja na nusu cha sukari. Kwa mizunguko 3000 kwa dakika inavuta kwa N 355, sawa na kuning'iniza kilo 36 na kuzizungusha mara 50 kwa sekunde. Kwenye fremu ya 55 Hz, rota inatikisika mm 0.70 kila upande. Kwenye fremu ya 99 Hz, mm 0.05. Nyundo zilezile, shafti ileile, tofauti ya mara 14 imetoka kwenye nguzo mbili.

Hata hivyo mm 0.05 bado si nzuri. Ni kasi ya karibu mm 11 kwa sekunde (wastani wa RMS, yaani kilele cha kasi kikigawanywa kwa 1.41), na kwa mashine ndogo za hadi kW 15 jedwali la kiwango cha kimataifa cha ISO 10816-1, kilichorithiwa na ISO 20816-1 mwaka 2016, lilianza kupiga kelele baada ya 4.5. Kwa hiyo pima nyundo kwa mzani wa jikoni unaosoma gramu 1, zipange jozi kwa jozi, zinazolingana zikabiliane. Kiwango cha balansi cha G16, kilichowekwa kwa mashine za kilimo na za kuponda, kinaruhusu rota yetu kama gramu 7 tu kwenye nusu kipenyo hicho. Ukifika 5, kasi inashuka hadi 2.7. Na usibadilishe nyundo moja iliyovunjika peke yake: mpya ni nzito kuliko zilizolika, kwa hiyo badilisha na mwenzake wa upande wa pili.

Igonge upime

Karatasi ikishakubali, chuma nacho kiulizwe. Unahitaji nyundo ya mpira, simu yenye programu ya kusoma mtikisiko (phyphox ni ya bure na inachora grafu ya frikwensi), na gundi ya pande mbili.

Zima mashine, kata umeme kwenye swichi kuu, uifunge kwa kufuli. Acha mkanda ukiwa umekazwa kama kawaida, kwa sababu nao unavuta fremu. Toa simu kwenye kava lake la mpira, ibandike kwenye kiti cha beringi, si kwenye bati la kinga. Bati ni jepesi, na gramu 200 za simu zitabadilisha frikwensi yake.

Gonga mara moja, subiri itulie kabisa, gonga tena, mara tano. Rekodi sekunde mbili au zaidi kwa kila pigo, kwani kwa sekunde mbili grafu inatenganisha nusu Hz. Fanya hivyo kutoka juu, kutoka ubavuni, na kwa urefu wa shafti. Kilele kinachorudi palepale katika mapigo yote matano ndicho chenyewe. Kinachohama ni kelele, au ni bolti iliyolegea: gonga taratibu kisha kwa nguvu, na kama kilele kinashuka ukigonga kwa nguvu, kuna kiungo kinachofunguka.

Kuna mtego mmoja kwenye simu. Ikisoma mara 100 kwa sekunde, haioni kitu juu ya 50 Hz, na mbaya zaidi, inakigeuza: fremu ya 58 Hz itaonekana kama ya 42. Angalia programu inasoma mara ngapi. Kama ni 200, amini hadi 80 hivi. Kama ni 100, inakufaa kwa mtikisiko wa ubavuni tu, tena kabla ya kuweka vizuizi vya mshazari. Kwa vitu vinavyolia kama kengele, yaani bati, bomba au faneli, tumia maikrofoni badala yake, maana hiyo husoma maelfu ya mara kwa sekunde.

Kipimo cha pili hakina gharama. Umeme ukikatika rota ikiwa kasi, simama pembeni usikilize. Mashine inaposhuka kuna mahali inanguruma ghafla kisha inatulia. Ukiweza kusoma kasi ya pale, umepata frikwensi asilia bila nyundo. Ikinguruma mara tu umeme unapokatika, uko karibu mno.

Ukitumia kompyuta

Programu ya kuchorea ya FreeCAD, kwa kutumia programu ya hesabu ya CalculiX, inakokotoa frikwensi asilia bila malipo, na kwa sehemu yenye umbo gumu inakuokolea siku. Makosa matatu huiharibu. La kwanza, kufunga matundu ya bolti kama vile yamemezwa na mwamba. Chora na miguu na bamba pia, la sivyo utapata 100 mahali pa 55. La pili, kutumia elementi (vipande vidogo ambavyo kompyuta hugawia chuma) za daraja la kwanza, ambazo ni kakamavu kuliko chuma chenyewe. Chagua za daraja la pili. La tatu, kusahau uzito usiochorwa: mota, puli, mahindi yaliyojaa kwenye faneli. Na ukiona frikwensi sita za kwanza ni sifuri, sehemu yako inaelea hewani, hukuifunga popote.

Marekebisho yanayorudisha tatizo kwa mlango wa nyuma

Vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu vinapendwa sana. Mpira huzuia mtikisiko pale tu frikwensi yake ikiwa chini sana ya pigo; kwa mota ya 24 Hz unahitaji kama 8 Hz, yaani mpira unaodidimia karibu mm 4 kwa uzito wa mashine. Kipande cha tairi hudidimia nusu milimita. Hiyo ni 22 Hz, na kwa kuwa mpira unaotikiswa ni mgumu kuliko mpira uliotulia, inasogea hadi 24. Umenunua resonansi.

Kubadilisha puli kunasaidia wakati fremu haiguswi. Ukishusha rota kutoka 3000 hadi 2700 kwa dakika, kwenye fremu ya 55 Hz ukuzaji unashuka kutoka karibu mara 6 hadi 3. Lakini ncha za nyundo nazo zimepoteza asilimia 10 ya kasi, na mwenye mashine ataliona hilo kwenye magunia ya jioni.

Kuongeza chuma kizito bila kuongeza ukakamavu kunashusha frikwensi. Kama fremu iko juu kidogo ya pigo, unaisukuma kuelekea hatari.

Kisha vishikio. Chuma bapa cha mm 40×5, kilicholazwa, kikitokeza mm 200 na kubeba eksozi ya kilo 3, kina 16.5 Hz. Injini ya silinda moja kwa mizunguko 2000 inawaka mara 16.7 kwa sekunde. Kitakatika kwenye mchomeleo, na kila anayekichomelea tena atadhani elektrodi zilikuwa mbovu. Kikisimamishwa kwa upana wake, kinafika 132 kwenda juu na chini, lakini ubavuni kinabaki na 16.5 yake. Kwa hiyo kisimamishe, kisha weka pembetatu ya bati la mm 5 ubavuni, mchomeleo uishie mbali na ncha ya chuma bapa. Gonga tena, na andika namba iliyopatikana kwa rangi kwenye fremu pamoja na tarehe. Ikigongwa baada ya miezi sita ikasoma pungufu kwa Hz tatu au nne, tafuta bolti au ufa kabla ya kuwasha.